Anza na shorewanda wa dirishani kwako

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Mwaka huu nimehamia Moshi, kwenye nyumba ya familia upande wa kupanda kwenda Kibosho. Uani pana mti mkubwa wa mruka, migomba, mipapai miwili, mparachichi, kahawa kidogo na ua wa masale. Mwanzoni kelele za ndege za alfajiri zilinisumbua, sasa nazisubiri, lakini ukiondoa kunguru na shomoro simjui hata ndege mmoja. Nimenunua darubini, na kila ninayemtazama naona ni wa kahawia. Kuna mdogo mweusi kwa mweupe anagonga kioo cha dirisha la sebuleni kila asubuhi. Wengine wenye mikia mirefu wanamaliza mapapai. Usiku kuna bundi analia kwenye mruka, na jirani ananishauri niukate. Mjukuu wangu wa miaka tisa naye amechora ndege aliyemwona kwenye mparachichi: kichwa cheusi chenye ubluu, mgongo wa rangi ya kutu, mkia mrefu kuliko mwili, na amesisitiza kuzungushia jicho duara la bluu. Nianzie wapi?

JIBU:

Shikamoo Mwalimu.

Nianze na lisiloweza kusubiri: tafadhali usiukate mruka. Habari ya bundi nitaifikia kwa kituo, maana inahitaji maelezo, lakini kama jirani ameshamtafuta mtu wa msumeno, mwombeni angoje. Mti wa umri ule ukianguka, wengi kati ya ndege unaowauliza hawatakuwa na sababu tena ya kuja uani kwako.

Sasa uanzie wapi. Anza na ndege mmoja. Tanzania ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, na ukijaribu kuwashika wote kwa pamoja, wote watakuwa wa kahawia kama ulivyosema. Nilipoanza kazi ya kuongoza wageni wanaokuja Arusha na Moshi kutazama ndege, nilikuwa natembea na kitabu kinene mkononi. Ndege akipita napekua kurasa, nikiinua macho keshaondoka. Mzee aliyenifundisha alikichukua kile kitabu akakiweka kwake wiki nzima. Akanipa kazi ya kumtazama ndege mmoja tu, yule ambaye kila mtu humwona na hakuna anayemwangalia: shorewanda, wengine husema shore.

Huyo unaye, tena huenda yuko nje ya dirisha unaposoma hapa. Ni mkubwa kidogo kuliko shomoro na mwembamba kuliko hua. Kichwa ni cheusi chenye ukahawia, na manyoya ya utosini husimama kidogo kama nywele za mtoto aliyetoka kuamka. Mgongo ni wa kahawia iliyofifia, tumbo linaelekea weupe, halafu chini ya mkia, pale unapoanzia, pana doa la njano lililokolea. Lile doa utaliona akiwa ameinama kudonoa papai, au akiruka kutoka tawi moja kwenda jingine. Ukishaliona mara tatu hutamsahau tena.

Mpe wiki moja. Angalia anakaa wapi: mara nyingi kileleni, mahali pa wazi, na mwenzake hayuko mbali. Sikiliza sauti yake, ya furaha, yenye vipande vifupi vinavyorudiwarudiwa, ambayo huanza kabla ya jua kutoka. Angalia anakula nini: matunda yaliyoiva, wadudu, chipukizi, hata ua la mgomba. Je, chini ya kamba yako ya kuanikia nguo pameota pilipili ambayo hukuipanda? Ndege hawausikii ukali wa pilipili kama sisi. Wanaimeza, wanakaa kwenye kamba, mbegu inadondoka na mbolea yake. Bustani nyingi za Kilimanjaro zimepandwa nusu na wenyewe, nusu na shorewanda.

Jambo moja kuhusu shorewanda litakusaidia kuliko darubini. Akiona hatari hubadilisha sauti, inakuwa ya kukaripia, kavu, bila kupumzika, na ndege wengine humfuata. Ukisikia hivyo mchana, toka nje polepole uangalie pale wanapoelekeza midomo. Patakuwa na paka, au nyoka, au bundi aliyelala. Mimi nimeonyeshwa nyoka wengi na ndege hawa, mmoja wao akiwa juu ya mlango wa jikoni.

Ukishamjua shorewanda, amekuwa kipimo chako. Kila ndege mpya jiulize kwanza: ni mkubwa au mdogo kuliko shorewanda? Halafu angalia mdomo. Mdomo mfupi mnene kama wa shomoro ni wa kuvunja mbegu. Mwembamba ulionyooka ni wa kuokota wadudu. Mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia ni wa kunyonya maua. Wenye ncha iliyojikunja kwa chini ni wa mwindaji. Kisha mkia, kisha mahali alipo, ardhini au kati ya majani au juu ya waya, kisha anavyotembea, maana kuna anayerukaruka kwa miguu yote miwili na kuna anayepiga hatua kama mtu. Rangi iweke mwisho kabisa. Najua inaonekana kinyume, lakini rangi ndiyo inayowapoteza wanaoanza.

Mfano ni chozi, yule mdogo kuliko shomoro anayening'inia kwenye maua. Nina hakika wapo kwako, kwa sababu una migomba, na ua la mgomba lina utomvu mtamu wanaoupenda sana. Dume wa aina iliyo ya kawaida zaidi mjini kwenu ana mgongo wa bluu na kijani unaong'aa na tumbo la njano. Jike wake ni wa kijivu-kahawia, njano kidogo tumboni, huwezi kudhani ni wa nyumba moja. Tena hata huyo dume akiingia kivulini utaapa ni mweusi. Mng'ao ule hautokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya, unatokana na jinsi unyoya ulivyojengwa na unavyourudisha mwanga. Jua likihama, rangi inahama. Kuna chozi mwingine mkubwa kidogo, mweusi mwenye kifua chekundu kama kaa la moto, naye asubuhi ya mawingu huonekana mweusi mtupu. Kwa hiyo shika mdomo uliopinda na udogo wake, ukisema "huyu ni chozi" umeshafika mbali. Ni chozi yupi, hilo ni la mwezi ujao.

Minana nao wana tatizo lao. Hawa ni wale wanaosuka viota vya mviringo vinavyoning'inia kwenye makuti na matawi. Msimu wa mvua dume ni wa njano kali. Mvua zikiisha, wa aina nyingi huvua ile njano na kufanana na majike, wa kahawia ya majani makavu. Ukiwatazama Agosti na ukiwatazama Aprili unaweza kuandika ndege wawili. Dume ndiye msukaji. Jike huja kukagua, akikataa, dume hukichana kiota na kuanza upya. Nimewahi kukaa saa mbili chini ya mti mmoja Arusha namtazama dume aliyekataliwa mara ya pili, na sikuona saa zilivyokwenda. Siku ukishuka upande wa Rau au kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, mtafute mnana wa njano ya dhahabu mwenye baka la kahawia yenye wekundu kisogoni na kwenye pande za kifua. Huyo duniani kote yuko kaskazini-mashariki mwa Tanzania na upande wa pili wa mpaka huko Kenya tu. Watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kumwona, na ninyi mko naye mwendo wa daladala.

Kuhusu zile kelele za alfajiri unazozisubiri, hapo kuna utajiri kuliko machoni. Jizoeze kukaa na chai barazani kuanzia saa kumi na mbili kasoro, bila darubini. Wa kwanza kabisa, bado giza, mara nyingi ni kurumbiza: sauti laini inayoanza chini, inarudiwa, kila mara inapanda nguvu mpaka unageuka kutazama nani yuko pale. Yeye hupenda vichaka vyenye kivuli, kwa hiyo ua wako wa masale unamfaa. Ana kichwa cheusi, mstari mweupe juu ya jicho, na tumbo la rangi ya chungwa. Jioni giza likiingia huimba tena. Baadaye kidogo kwarara hupita juu wakipiga yale makelele ya "haa, haa-haa" yanayoamsha mtaa mzima. Ni wakubwa, wa kahawia-kijivu, mdomo mrefu uliopinda, na wakitua kwenye nyasi watazichoma kwa mdomo wakitafuta minyoo na funza. Waache, wanakulimia bure. Hua huja na sauti yake ya kurudia maneno yaleyale. Na kuna mmoja ambaye ukimsikia utadhani mtu anamimina maji kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba, "du-du-du-du" ikishuka kisha ikipanda. Huyo ni tipitipi, au dudumizi, ambaye wazee wengi humsikiliza kujua habari za mvua.

Siku nyingine utasikia upepo wa mabawa kabla hujaona chochote, kama mtu anakung'uta shuka nzito juu ya paa. Inua macho: ni hondohondo, mweusi kwa mweupe, na dume ana pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Mabawa yake hayana yale manyoya madogo ya chini yanayoziba nafasi kati ya manyoya makubwa, ndiyo maana hewa hupita kwa kishindo. Hushuka kutoka msituni kufuata matunda ya mikuyu, na Moshi huwa wanakaa hata katikati ya mji. Nimtaje kwa sababu ya mruka wako. Jike wa hondohondo hutaga ndani ya tundu la mti mkubwa, akaziba mlango kwa udongo akiwa ndani, akaacha ufa mwembamba tu. Kwa wiki kadhaa dume humlisha kupitia ule ufa, yeye na kinda wake. Tundu la namna hiyo halipatikani kwenye mgrivelia wa miaka kumi. Linahitaji mti mzee ambao tawi lake liliwahi kuvunjika na kuoza ndani, mti ambao mtu wa msumeno huutazama akasema umeshapitwa na wakati.

Tufike kwa bundi. Mwalimu, sitamcheka jirani yako. Mimi nimelelewa na bibi ambaye akisikia bundi alikuwa anatupa chumvi motoni, na mpaka leo sauti ile ikinikuta usiku peke yangu mwili unashtuka kabla akili haijafika. Ila nimewatazama bundi miaka mingi, na nimefikia maelezo haya. Nyumba yenye mgonjwa huwa na taa inayowaka usiku kucha. Taa huvuta wadudu, mabaki ya chakula cha wanaouguza huvuta panya, na bundi hufuata wote wawili. Na ni katika nyumba hiyo tu watu wanakuwa macho saa nane za usiku kumsikia. Akilia kwenye nyumba ya waliolala salama, hakuna anayekumbuka.

Nataka umjue ni bundi gani. Kama anatoa milio ya "hu, hu-hu, huu-huu" yenye mpangilio kama wa ngoma, na mwingine akimjibu kutoka mti wa mbali, huyo ni bundi wa miti mikubwa: wa kahawia, madoa meupe, kichwa cha duara kisicho na vishungi, macho meusi ya upole. Hula zaidi wadudu wakubwa, na panya wadogo. Kama badala yake unasikia ukelele mkavu wa kutisha, kama kitambaa kinachochanwa, mara nyingi juu ya paa, basi ni bundi mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, na huyo kazi yake ni panya. Bundi hawezi kuzungusha macho kama sisi, yamekaa imara, ndiyo sababu hugeuza kichwa chote, karibu robo tatu ya duara. Manyoya ya mabawa yake yana kingo laini kama pindo la kanga lililochakaa, hivyo huruka bila sauti na panya hapati onyo.

Ombi langu ni kwamba wewe na jirani msiweke sumu ya panya. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea akiyumba siku mbili tatu, huyo ndiye rahisi kukamatwa, na bundi au paka wako akimla sumu humfuata. Tumieni mitego. Na usiku mmoja mkaribishe jirani barazani, mkae bila taa, umwonyeshe kwa tochi hafifu kwa sekunde chache tu, asipofushwe. Nimeona watu waliobadilika kwa kumtazama mara moja machoni.

Mgonga kioo. Mweusi kwa mweupe, mdogo, na kama akitua ardhini anatembea kwa hatua huku mkia ukipanda na kushuka, basi ni yule mtikisa mkia wa uani. Haombi kuingia na haashirii chochote. Kioo kinamwonyesha ndege mwingine wa aina yake ndani ya eneo lake, na kila akimshambulia, mwenzake naye anashambulia. Hutokea sana wakati wa kutaga. Pazia la ndani halisaidii, mara nyingi linafanya kioo kiwe kama cha kujitazamia zaidi. Paka kioo sabuni ya unga iliyokorogwa, kwa nje, au bandika gazeti kwa nje wiki mbili tatu. Atachoka, atarudi kwa mke na watoto. Wenye magari yeye huwapiga vioo vya pembeni, na dawa yake ni soksi kuukuu.

Wanaokula mapapai yako ni kuzumburu. Wa kahawia-kijivu, kishungi kichwani, mkia mrefu mwembamba mgumu, wanakuja kundi zima na wanapenya kwenye majani kama panya. Sijui bustani isiyowalalamikia, na siwezi kukudanganya kwamba hawaharibu. Ila watazame asubuhi ya baridi, wakati mlima uko wazi: wananing'inia wima, tumbo limeelekezwa juani, wakijipasha moto ili yale majani na matunda waliyokula yasagike. Jamii yao nzima inaishi Afrika tu, hakuna bara lingine lenye kuzumburu wa porini. Papai lichume linapoanza mistari ya njano ulimalizie kuiva ndani, au livalishe mfuko wa wavu, ule wa vitunguu unatosha. Moja la juu kabisa, usilolifikia hata kwa ngazi, waachie.

Wengi huniuliza wawawekee ndege chakula gani. Kwa bustani kama yako sioni haja. Ukimwaga ugali na wali utapata kunguru na panya, na kunguru wakizoea watamaliza mayai na makinda ya wote tuliowataja. Maji ni jambo jingine. Kati ya Januari na Februari, na tena Agosti hadi Oktoba, sahani ya udongo yenye maji ya kina cha vidole viwili itakuletea ndege ambao hutawaona kwa njia nyingine. Weka jiwe katikati la kusimamia, iwe mahali penye tawi la kukimbilia karibu lakini si kichaka cha paka kujificha. Mwaga na kusugua kila siku, mbu wasipate muda wa kukua.

Na usipulize dawa ovyo. Hata ndege wa mbegu, kama minana, hulisha makinda yao wadudu laini. Majani yasiyo na kiwavi hata mmoja ni jiko lisilo na moto. Kwa kuwa una kahawa, kuna utafiti nitakaopenda uujue. Ulifanyika kwenye mashamba ya kahawa ya miteremko ya Kilimanjaro na ukachapishwa mwaka 2014. Watafiti waliifunika baadhi ya kahawa kwa nyavu ili ndege na popo wasifike, nyingine wakaiacha wazi. Pale ndege na popo walipofika, maua yaliyozaa tunda yaliongezeka kwa asilimia 9, kwa sababu wadudu waharibifu waliliwa, na nyuki nao waliongeza uzito wa tunda kwa asilimia 7. Kihamba chenye miruka, miringaringa na migomba juu ya kahawa, kama walivyokipanga wazee wa Uchaggani, kinawalipa wenyewe.

Andika. Daftari la shule la kawaida linatosha: tarehe, saa, hali ya hewa, ulichoona na ulichosikia, hata kama jina hulijui. Andika "yule wa waya, mweusi juu, mweupe chini, mdomo wa ndoano, alichomeka panzi kwenye mwiba". Huyo yupo kweli, na huchomeka mawindo yake hivyo. Daftari ndilo litakalokuonyesha kwamba mbayuwayu wa Ulaya walifika Oktoba na wakapotea Aprili. Litakuonyesha pia kwamba kuna kindege kidogo cha kijani-njano, chenye uzito wa gramu kumi hivi, kinachokagua majani ya mruka kimyakimya miezi hiyohiyo kisha kinarudi kaskazini kulea watoto. Kama una simu ya kisasa, programu ya Merlin ya Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani ni ya bure na husaidia kwa picha, ila ikikuambia jina, bado urudi kwa mdomo na mkia ujiridhishe.

Majina ya Kiswahili yatakuchanganya, nakutahadharisha mapema. Kurumbiza wa mtu mmoja ni ndege mwingine kabisa kwa mtu mwingine, na jirani zako Wachaga wana majina yao, yanayobadilika kutoka Machame hadi Rombo. Waulize wazee na uyaandike yote. Majina mengine yamebaki vinywani mwa watu wachache.

Mwisho, mchoro wa mjukuu. Nimekuwa nikiuangalia tangu asubuhi. Watu wazima wengi wakimwona ndege huyu husimulia mkia tu, maana ni mrefu na wa rangi ya kutu na hupepea kama utepe. Mjukuu ameliona duara la bluu kuzunguka jicho, jambo ambalo mimi nililiona baada ya miezi. Huyo ni dume wa mnasa inzi wa mkia mrefu. Hukaa tulivu, huchomoka ghafla kumdaka mdudu hewani, na hurudi karibu na pale alipotoka. Jike ana rangi zilezile lakini mkia wake ni mfupi.

Kama amemwona kwenye mparachichi zaidi ya siku moja, huenda kiota kipo. Mwambie atafute kwenye tawi jembamba, si juu sana, kikombe kidogo kinachotosha kushikwa kwa vidole vitatu, kimefungwa kwa utando wa buibui na kubandikwa vipande vya kuvu ya gome hata kionekane ni nundu ya mti. Akikiona asisogee, asivute tawi, akae hatua ishirini na darubini ya bibi. Mayai huatamiwa wiki mbili hivi, makinda hukaa kiotani kama muda huohuo. Baba na mama hupokezana kuatamia, na zamu ya baba ikifika ule mkia wote huning'inia nje ya kikombe kwa sababu ndani hauenei. Nitaomba mchoro wa siku hiyo.